Nani Kasema Ilimba Haina Tuni?

Ndugu msomaji, kurasa hizi za uhakiki zimezoea vitabu. Toleo hili riwaya, toleo lijalo diwani, na mwandishi chipukizi akijikaza anaweza kuchambua tamthilia. Mimi leo naomba ruhusa nihakiki kitu ambacho hakina jalada wala mchapishaji. Kina kanuni, kina historia, na kina wahakiki wengi wanaokisema vibaya bila kukisoma. Kitu chenyewe ni tuni.

Nitalinganisha tuni za aina tatu: ya ilimba ya Wagogo, ya kinanda cha mdomo kilichotoka Ujerumani, na ya piano, ambayo siku hizi ndiyo inatawala studio kuanzia Dar es Salaam hadi hapa kwetu Kizota. Na wewe unayeandika riwaya na huna mpango wa kupiga ala yoyote, usifunue ukurasa. Jambo hili litakufikia.

Sababu ya kushika kalamu ni sentensi moja ambayo hapa Dodoma nimeisikia mara nyingi mno: "Ilimba haina tuni." Nimeisikia kwa mwalimu wa kwaya, kwa fundi mitambo wa studio, na kwa vijana wenzangu kijiweni ambao babu zao walizipiga hizo ilimba. Wote wana maana moja. Ukiiweka ilimba karibu na kinanda cha umeme, vinagombana. Ni kweli vinagombana, sibishi. Lakini watu wawili wakigombana, nani kakwambia mwenye kosa lazima awe yule aliyevaa kaniki?

Waya mmoja na watoto wake

Tuni ni mapatano. Sauti duniani hazina idadi. Kati ya sauti ya chini na ya juu kuna nyingine nyingi kama mchanga wa Bahi. Watu wakakaa, wakachagua chache, wakasema hizi ndizo tutakazotumia na umbali kati yake ni huu. Aliyezoea mapatano ya nyumbani kwake akisikia ya jirani huona yamepinda. Basi tusianze na sikio la mtu, tuanze na waya, maana waya hauna kabila.

Chukua waya uliokazwa, uupige. Tuseme unatetemeka mara 100 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti unayoisikia zaidi. Ila waya haujui kutetemeka kwa namna moja tu. Ukiwa unatetemeka mzima, nusu zake nazo zinatetemeka mara 200, theluthi zake mara 300, robo zake mara 400, na kuendelea hivyo hivyo kwenda juu. Sauti hizo ndogo ni watoto wa ile ya chini. Zimo ndani yake tangu mwanzo. Hakuna aliyezitunga.

Sasa sikiliza. Wagogo wamechukua watoto kuanzia wa 4 hadi wa 9, wakajengea ngazi yao ya muziki. Kwa mfano wetu ni 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Kwa lugha ya kwaya ni do, mi, so, ta, do ya juu, na re juu yake. Hiyo "ta" ni ti iliyoshushwa. Hakuna fa, hakuna la. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyefanya kazi Ugogoni miaka ya 1960, ndiye aliyeieleza ngazi hii kwa hesabu hiyo ya watoto wa sauti moja. Baada yake Mhispania Polo Vallejo ametumia miaka mingi kuusoma muziki wa Wagogo, pamoja na nyimbo za watoto. Hawa wageni hawakuivumbua. Walifika na kalamu wakakuta kazi imeshafanyika.

Tazama uzuri wa ngazi hii. Hatua zake hazilingani. Kutoka 4 kwenda 5 ni hatua kubwa, kutoka 5 kwenda 6 inapungua, kutoka 6 kwenda 7 inapungua tena, na hivyo hivyo hadi 9. Ni kama ngazi ya mti ambayo kadiri unavyopanda vipandio vinakaribiana. Mwimbaji anayepanda anasikia anabanwa taratibu, anayeshuka anasikia nafasi inafunguka. Hiyo ni hadithi tayari, kabla hata maneno hayajaingia.

Kuna na kanuni ya kuitikia. Wagogo wakiimba pamoja, mmoja akishika sauti fulani, mwenzake anaruka kipandio kimoja na kushika kinachofuata. Mwenye 4 anaandamana na 6, mwenye 5 na 7, mwenye 6 na 8, mwenye 7 na 9. Sheria ni moja tu, lakini matokeo ni tofauti kila mara kwa sababu vipandio havilingani. Mwalimu wa kwaya aliyefundishwa na vitabu vya nyimbo za Kizungu akifika kwenye 5 na 7 hukunja uso, maana kwenye kinanda chake jozi hiyo, mi na ta, ni chachu. Kwa Wagogo imetulia, kwa kuwa kila sauti iko pale waya ulipoiweka.

Piano ilinunua nini?

Piano nayo tusiionee. Ilikuwa na shida yake, ikaitatua kwa akili nyingi. Inataka kucheza wimbo uleule kuanzia noti yoyote, leo kwa mwimbaji mwenye sauti nene, kesho kwa mwenye sauti nyembamba, bila kutuni upya. Kwa vipandio visivyolingana haiwezekani. Kwa hiyo umbali kati ya do na do ya juu ukakatwa vipande 12 vilivyo sawa kabisa. Wanaopima sauti hukigawa kila kipande tena mara 100, na kipimo hicho wanakiita senti. Senti hizi huendi nazo dukani, lakini zinauma kuliko zile nyingine.

Linganisha. Do tuiweke palepale, 400. Mi ya waya ni 500, ya piano ni karibu 504. So ya waya ni 600, ya piano 599 na ushee, hapo ni majirani. Re ya juu ya waya ni 900, ya piano 898, bado ni majirani. Ila ta! Ya waya ni 700, ya piano ni karibu 713. Hiyo ni tofauti ya senti 31, karibu theluthi nzima ya kipande. Zipige pamoja na utasikia zinapigana mawimbi, kama mara 12 au 13 kwa sekunde, wawawawa, mfano wa spika mbovu. Hapo ndipo mtu husema ilimba haina tuni. Kumbe ta ya ilimba iko pale waya ulipoizaa. Iliyohama ni ile ya piano, imehamishwa kwa makusudi ili piano ipate uhuru wa kuanza popote.

Piano imenunua uhuru wa kuhama kwa bei ya utulivu wa sauti. Ni biashara halali. Waliofanya biashara hiyo walijua wanatoa nini na wanapata nini. Tatizo ni sisi tunaoipokea bidhaa bila risiti.

Kinanda cha mdomo na mageuzi yake

Hapa ndipo namleta shahidi ambaye hakuna atakayesema nimempendelea kwa ukabila. Kinanda cha mdomo. Kampuni ya Matthias Hohner ilianzishwa Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857, na mwaka 1896 ikatoa kile kinanda maarufu kiitwacho Marine Band. Kina matundu 10, na kila tundu lina ndimi mbili za shaba, mmoja unalia ukipuliza, mwingine unalia ukivuta pumzi. Mpangilio wake wa noti unajulikana kwa jina la Richter.

Kwenye kinanda cha ufunguo wa C, ukipuliza unapata do, mi, so, do, mi, so, mpaka mwisho. Ukivuta kuanzia tundu la 1 unapata re, so, ti, re, fa, la, na kuendelea. Ukihesabu utaona chini kuna pengo. Fa na la hazimo. Wataalamu wanazipata kwa kupindisha pumzi, lakini anayejifunza atahangaika. Pengo hilo lilikusudiwa. Lengo lilikuwa ukipuliza matundu kadhaa upate kodi moja nzuri, na ukivuta upate kodi nyingine nzuri. (Kodi hii si ile ya TRA.) Mjerumani alitoa noti mbili akanunua kodi mbili.

Wapigaji waliokuja nyuma wakasema bei hiyo kwao ni kubwa, wakabuni tuni nyingine. Nitazipitia nne, na kwa kila moja nitauliza swali lilelile: umenunua nini na umelipa nini?

Ya kwanza ni tuni inayoitwa solo. Hapa matundu yanarudia do, mi, so, do kwa kupuliza na re, fa, la, ti kwa kuvuta, kila oktavu imekamilika. Wimbo wowote wa kwaya utaupiga bila kuruka noti. Malipo yake ni so ya kuvuta katika tundu la 2, iliyokuwa nguzo ya kodi nene ya kuvuta.

Ya pili ni tuni ya huzuni, ambayo mi na ti zimeshushwa nusu hatua. Lee Oskar, mzaliwa wa Denmark aliyepigia bendi ya War ya Marekani, aliwahi kuziuza za namna hii katika kampuni yake iliyoanzishwa 1983. Umenunua majonzi. Umelipa ile kodi iliyochangamka.

Ya tatu ni tuni ya kantri. Tundu la 5 la kuvuta, fa, linapandishwa nusu hatua. Nyimbo za kimagharibi za aina ya Jim Reeves, ambazo wazee wetu walizipenda redioni, zinalala humo vizuri. Malipo yake nitayataja baada ya muda mfupi, kwa sababu ndiyo makubwa kuliko yote.

Ya nne ni Paddy Richter ya Brendan Power wa New Zealand. Yeye kabadilisha ulimi mmoja tu: so ya kupuliza katika tundu la 3 kaipandisha ikawa la. Ile la iliyokosekana chini kaipata, na so bado anayo kwa kuvuta tundu la 2. Huyu ni mnunuzi mjanja. Kalipa kidogo, kapata kingi.

Sasa rudi kwenye kinanda cha kawaida cha Richter na ufanye jambo moja. Acha kuhesabu kuanzia do ya C. Vuta tundu la 2 na uiite hiyo ndiyo do yako, kama walivyofanya Wamarekani weusi walipokifanya chombo hiki kilie blues. Vuta la 3, unapata mi. Vuta la 4, so. Vuta la 5, ta. Puliza la 6, do ya juu. Vuta la 6, re. Umeona? Do, mi, so, ta, do, re. Hiyo ni ngazi ya ilimba, imelala ndani ya kinanda cha Mjerumani.

Na si majina tu yanayofanana. Kwa miaka mingi Marine Band haikutuniwa kwa vipande 12 vya piano. Hohner walitaka ile kodi ya kuvuta ilie bila mawimbi, kwa hiyo ndimi zake walizikwangua zikae 4, 5, 6, 7 na 9 kamili. Ta yao ilikuwa mtoto wa 7 wa waya, palepale alipo kwenye ilimba ya mzee wa Kigogo. Baadaye, watu walipotaka kupiga noti moja moja pamoja na piano na gitaa, tuni hiyo ikabadilishwa, na leo vinanda vingi huuzwa vikiwa na tuni ya piano kamili au ya katikati, nusu huku nusu kule.

Tafadhali usikimbie na hoja hii ukasema blues ilitoka Dodoma. Sijasema hivyo. Kubik mwenyewe, katika kitabu chake cha Africa and the Blues cha 1999, anaitafuta asili ya blues zaidi katika savana za upande wa magharibi, mbali na hapa. Ninachosema ni kidogo na ni kigumu kukipinga: fundi wa Trossingen aliyetaka kodi tulivu na mzee wa Ugogoni aliyesikiliza waya wamefika mahali pamoja bila kuonana. Kama mmoja hana tuni, basi wote wawili hawana.

Turudi kwenye zile tuni nne, tuangalie kila moja inaifanya nini ngazi ya ilimba. Solo inang'oa 4, msingi wenyewe. Ya huzuni inashusha 5. Ya kantri inaua 7, ile ta. Paddy Richter haigusi hata moja, kwa kuwa ulimi alioubadilisha ni wa kupuliza, nje ya njia yetu. Kwa hiyo Mgogo mwenye kinanda cha mdomo anayetaka kupiga vya nyumbani Jumamosi na vya kanisani Jumapili, tuni yake ni Paddy Richter. Cha kuongeza ni kukwangua kidogo ulimi wa kuvuta wa tundu la 5 karibu na shina ili sauti ishuke. Ukikwangua nchani inapanda. Kama kinanda kina tuni ya piano, ta ishuke senti 31 na mi ya tundu la 3 ishuke 14. Nyingine ni za kusogeza chembe tu.

Mtu aliyejua na bado akauza

Kuna bwana mmoja ambaye historia yake inaniumiza kichwa. Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Tanganyika mwaka 1950 na kurekodi hata Wagogo. Alitembea na uma za chuma za kupimia sauti. Badala ya kusema ala ya Mwafrika haina tuni, aliipima akaandika namba. Mwaka 1954 akaanzisha huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo mpaka leo watafiti wanaitumia. Kazi hiyo namvulia kofia.

Lakini ndiye huyohuyo aliyetengeneza ile ala ndogo ya mkononi aliyoiita kalimba na kuiuza Ulaya na Marekani, na kuituni kwa do re mi fa so la ti ya Kizungu. Alikuwa na namba za tuni za Afrika kabatini, akaiuzia dunia sura ya Afrika yenye sauti ya Ulaya. Je, alikosea? Najibu kama nilivyojibu habari ya piano. Mnunuzi wa Chicago alipata ala ambayo angeweza kupigia nyimbo zake siku ileile, na wapo walioanzia hapo wakaifuata asili. Hiyo ni faida. Hasara ni kwamba siku hizi kijana wa Dodoma akiandika jina la ala ya mababu kwenye simu, kinachomjia kwanza ni ile ya dukani, yenye do re mi, na ya babu yake inaonekana ndiyo iliyoharibika.

Mwingine alikwenda njia tofauti. Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu, alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuzunguka dunia na ilimba na zeze lake, mpaka alipofariki tarehe 30 Desemba 2003. Albamu yake ya Chibite ilitolewa 1996 na Real World ya Uingereza. Mwaka 2002 ikafuata Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Wapo wanaoiona ya kwanza kuwa safi na ya pili kuwa imechafuliwa na umeme. Mimi siyapimi hivyo. Brook ni mtu aliyebuni gitaa linaloweza kushika noti moja bila kufa. Kwangu mimi, kama ilimba italazimika kukaa na gitaa, mwenzi wake ni huyo. Sauti moja ndefu iliyotulia chini ni ule waya wetu mmoja, na watoto wake wanaweza kukaa juu kwa amani. Gitaa linalobadilisha kodi kila hatua nne ndilo linalowafukuza. Anayetaka kuchanganya aanze kuangalia hapo, asianze na umeme. Familia yenyewe imeendelea kujaribu: Msafiri Zawose alitoa Uhamiaji mwaka 2017, na The Zawose Queens, Pendo na Leah, wakatoa Maisha mwaka 2024. Sikiliza kwa mpangilio huo, na kila wimbo uulize: nani kamfuata nani?

Ilimba inarudi, sikio halirudi

Nimeshuhudia katika studio moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja, mzee akiambiwa asogeze vyuma vya ilimba yake vifuate kinanda cha kompyuta. Fundi alishika simu yenye programu ya kutuni. Kila chuma kikipigwa, kioo kinawaka rangi nyekundu. Programu ile kichwani mwake ina vipande 12 tu, haijui kwamba kuna watu wengine duniani. Na ule mvumo mzuri wa ilimba, unaotoka kwenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, fundi aliuita kelele za waya mbovu. Mzee hakubisha. Alivuta chuma hiki, akasukuma kile, rangi ikawa kijani, wimbo ukarekodiwa.

Kwa ala yenyewe sina wasiwasi. Chuma cha ilimba ukikisukuma leo, kesho unakivuta. Tofauti na ulimi wa kinanda cha mdomo, ambao ukishaukwangua shaba iliyotoka haitarudi. Hapo ilimba imeushinda ufundi wa Trossingen. Lakini ili mzee arudishe vyuma mahali pake anahitaji kitu kimoja, sikio linalokumbuka 7 iko wapi. Yeye analo. Mjukuu wake aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri, aliyekua na nyimbo za simu tangu anazaliwa, analo? Siku mjukuu atakaporithi ilimba iliyotuniwa kijani, hatajua kwamba kuna mahali pa kurudi. Hapo ndipo hasara ilipo.

Na sisi waandishi je?

Nadhani umeshaona ninapoelekea. Mwaka 1928 huko Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Zilikuwepo lahaja nyingine, kila moja na vipandio vyake. Uamuzi ule ni piano yetu. Kwa sababu yake mimi wa Kizota naandika na wewe wa Lamu au Kigoma unasoma bila mkalimani. Siwezi kuidharau piano hiyo. Nisingekuwa na gazeti la kuandikia.

Lakini ndugu zangu chipukizi, tukubaliane kwamba tumelipa. Muswada ukienda kwa mhariri na mhusika wako wa Chamwino anasema kama watu wa Chamwino wanavyosema, anarudishiwa wino mwekundu: "Rekebisha, si sanifu." Anamkia wageni kwa "mbukwenyi", mhariri anaweka "hamjambo". Rangi inakuwa kijani. Msomaji wa pwani anaelewa kila neno, ila mhusika kahama kijiji.

Wapo watakaosema mwacha mila ni mtumwa, basi tuachane na sanifu. Nawakatalia kwa ushahidi wa mtu wa hapa hapa. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mkoani Dodoma mwaka 1917 na kufariki 1969, alikuwa Mgogo. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mtu huyohuyo akajifunza vina na mizani vya pwani mpaka akawa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na ngonjera kama tunazozijua shuleni zinahesabiwa kuwa mchango wake. Aliingia kwenye tuni ya wenzake kwa mguu wake mwenyewe, akajua kila kipandio, na humo akajenga chumba ambacho wenyewe walikuwa hawana. Zawose alibaki na tuni ya kwao na dunia ikamfuata. Mnyampala alibadili tuni na nchi nzima ikaghani. Wote wawili nawaheshimu sawa, kwa sababu kila mmoja alijua alichokuwa nacho mkononi kabla hajachagua.

Anayenisikitisha ni wa tatu. Huyo hakuchagua. Aliambiwa tu kwamba hana tuni, akaamini, akaanza kuona aibu kwa sauti ya mama yake. Huyo yumo kwenye kwaya zetu, yumo studio, na miswada yake naiona ikipita mikononi mwa vijana wenzangu: sarufi safi, tahajia safi, na hakuna mtu ndani.

Basi ushauri wangu ni mdogo. Mhariri akikuzungushia neno duara, usikasirike na usifute. Jiulize kwanza neno hilo limetoka kwenye waya upi. Kama ni uzembe wako, futa haraka. Kama ni ile 7, mweleze mhariri, mpe sababu kama nilivyokupa mimi namba. Mara nyingine atakubali, mara nyingine utashindwa nawe utaandika "hamjambo". Hata ukishindwa, utakuwa unajua chuma chako ulikitoa wapi, na siku nyingine utaweza kukirudisha.

Na wewe fundi mitambo, kama gazeti hili limekufikia: mzee akija na ilimba, zima ile programu kwanza. Mwombe apige peke yake, usikilize ta yake inakaa wapi, kisha ndipo mzungumze nani amfuate nani. Waswahili walishasema mcheza kwao hutunzwa. Sasa huyu mzee, hapa Dodoma, asipotunzwa kwao, unataka akatunzwe wapi?